Mbegu moja ya mionzi haikuonekana, na binti yangu alikuwa karibu kujifungua

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Jambo hili nimekaa nalo muda. Kila nikifungua simu niandike, nafuta. Leo nimesema liwe liwalo.

Haya yamenipata mimi, mwilini mwangu na nyumbani mwangu. Majina ya watu wangu nimeyageuza na hospitali sizitaji, lakini jambo lenyewe sikulitia chumvi. Palipo na aibu mtanistahi, ni maradhi ya wanaume haya.

Mimi ni mtu mzima, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Ukiona kigari cheupe chenye herufi L juu kimezubaa njia ya Buxton na walio nyuma wanapiga honi, huenda ni mimi na mwanafunzi wangu. Tuvumilie.

Ilianza na mkojo.

Nikitoka na mwanafunzi, kabla hatujafika Tudor nishamwambia apaki pembeni, nataka choo. Naingia, nasimama weee, yatoka matone tu. Nikirudi garini, tukienda kidogo, nataka tena.

Ikafika hadi nikawa nachagua njia za masomo kwa kufuata misikiti, maana kila msikiti una choo. Wanafunzi wakaanza kuniita Maalim. Wallahi walidhani nimezidi ucha Mungu.

Mke wangu Zuhura hakucheka. Alinishika mkono siku moja akaniambia, "Twende ukapimwe. Mimi sitaki kuwa mjane kwa sababu ya haya zako."

Tukaenda. Wakapima damu, ile PSA ya tezi dume. Ikaonekana iko juu. Wakachukua vipande vya nyama kwenye tezi dume, wakavipeleka maabara. Majibu yakarudi: saratani.

Daktari akasema tumeiwahi, haijatoka nje ya tezi. Mimi sikusikia "tumeiwahi". Nilisikia lile neno la kwanza tu.

Basi, kufupisha, nikapelekwa hospitali moja Nairobi. Huko nikapewa njia tatu. Kufanyiwa upasuaji tezi yote itolewe, au kupigwa mionzi ya nje kwa wiki nyingi, au kuwekwa mbegu.

Mbegu ndiyo nini? Nami niliuliza hivyo hivyo.

Ni vichuma vidogo mno, kimoja hakifiki ukubwa wa punje ya mchele. Ndani yake mna dawa ya mionzi. Unalazwa, unapigwa nusu kaputi, wanakudunga sindano ndefu kule chini na kuzipanda ndani ya tezi, huku na huku, mpaka zienee tezi yote. Saratani inachomwa kutoka ndani. Wewe unarudi kwako mapema.

Daktari wangu alikuwa mama mmoja mpole, hana haraka. Nikamuuliza, "Zitatolewa lini?"

"Hazitolewi. Zitakaa humo maisha yako yote. Nguvu yake ndiyo itakayopungua, mpaka zibaki vichuma tu."

"Na zikihama?"

Akatabasamu. "Hilo ndilo swali zuri. Nyingi tunazitunga kwenye uzi maalum, kama ushanga. Uzi unayeyuka wenyewe baadaye, na wakati huo nyama imeshazishika. Lakini kuna pembe ambazo uzi haukai vizuri, huko tunaweka za peke yake. Hizo mojamoja huweza kutembea."

Kutembea! Neno hilo lilinikaa kichwani kama mbu.

Wakuu, mimi ni mtu nisiyetulia hata nikiwa mzima. Kazi yangu ni kukaa na mguu juu ya breki nikimtazama mtu mwingine akishika usukani. Nimezoea kungojea kosa. Sasa nikaambiwa nina kitu ndani ambacho huenda kikatembea, na sina breki yake.

Masharti yalikuwa haya. Siku za mwanzo nisibebe kizito, nisipande baiskeli wala bodaboda, nisijikaze chooni. Nikikojoa nikojoe kwenye chujio walilonipa, nitazame kama imetoka mbegu. Ikitoka nisiishike kwa vidole, niiokote kwa kibano au kijiko, niitie kwenye kikopo chao kizito, niwapigie simu.

Mkeo hana neno, wakasema, laleni kitanda kimoja. Lakini mwanamke mjamzito asikae karibu nawe kwa muda mrefu, na mtoto mdogo usimpakate. Hiyo ni kwa miezi kama miwili.

Hapo nikasimama na kanzu yao ya wagonjwa.

Binti yetu Rukia alikuwa na mimba ya kwanza. Ameolewa Tudor, na kwa desturi yetu mwana akikaribia kujifungua mara ya kwanza hurudi kwa mamake. Mkoba wake ulikuwa umeshafika nyumbani. Kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa.

Nikampigia Zuhura nikamwambia Rukia abaki kwa mumewe. Akanijibu, "Mwanangu hatajifungua mbali nami. Wewe utakaa juu, yeye atakaa chini. Nyumba ina ngazi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nikawekwa mbegu, nikakaa na mpira wa mkojo kidogo, ukatolewa, nikarudi Mombasa.

Nyumba yetu ni ya zamani, kuta nene, ghorofa moja. Mimi nikapewa chumba cha juu. Shida ni moja: choo chenye maji ni cha chini. Kwa hiyo kila nikitaka kushuka napiga kelele kwanza, "Nashukaaa!" Naye Rukia anapisha, anakwenda jikoni na tumbo lake.

Mngeniona chooni na chujio langu mngenihurumia. Kutwa nimeinama natazama. Mara nafikiri nimeona kitu, kumbe ni povu. Nilikuwa nikimaliza nasimama pale pale na kujiuliza, umetazama vizuri? Natazama tena.

Haikutoka hata moja. Siku walizoniambia zikaisha, lakini mimi chujio sikuliacha. Zuhura akalificha. Nikalitafuta nikalipata.

Mazungumzo yangu na Rukia yalikuwa ya mbali. Yeye mwisho wa ukumbi, mimi kwenye ngazi. Huyu ni mtoto niliyemfundisha gari mwenyewe, tumezoea kukaa bega kwa bega tukigombana. Sasa akinyanyuka kuchukua maji nami nanyanyuka kurudi nyuma, kama watu wawili wasiojuana wamekutana kwenye uchochoro.

Siku moja akaniuliza, "Baba, wanichukia?"

Alikuwa akitania. Lakini macho yake hayakutania.

Nikamwambia, "Mimi sasa ni kama jiko la moto, mwanangu. Jiko halimchukii mtu, ila halikaliwi karibu."

(Najua kuna mkuu atakayeuliza kama mtu mwenye mbegu anang'aa gizani. La, hang'ai. Na hamwambukizi mtu, na mkojo wake si sumu. Mionzi inatoka kwenye ile mbegu tena hafifu, ukikaa mbali kidogo haikufikii. Tuendelee.)

Baada ya kama mwezi nikarudi Nairobi kupigwa CT scan ya kiuno. Kazi yake ni kuzihesabu mbegu na kuona kila moja imekaa wapi. Sikungojea majibu. Nilipanda basi nikashuka Mwembe Tayari, hapa Mombasa, alfajiri, nikaenda kulala, adhuhuri nikarudi kazini. Kazi nyepesi nilikuwa nimeshakubaliwa.

Ijumaa alasiri nikawa na mwanafunzi njia ya Tudor. Simu ikalia. Daktari.

"Mzee, mbegu zimekaa vizuri, zimeenea tezi yote. Ila moja haionekani."

Nikakanyaga breki. Mwanafunzi masikini akadhani amegonga mtu.

"Haionekani vipi?"

"Tumeweka idadi fulani, tumeona pungufu ya moja. Huenda ilitoka kwenye mkojo hukuiona. Huenda imeingia kwenye mshipa wa damu ikapanda kifuani, hutokea. Nenda upigwe eksrei ya kifua hapo Mombasa, unitumie picha. Usihangaike, kwa matibabu yako moja haiharibu kitu."

"Na kama ilianguka nyumbani? Nina binti mjamzito."

Akasema, "Nguvu yake imeshapungua, na kitu kilichoanguka chooni kimekwenda na maji. Hatari ni ndogo sana. Lakini eksrei ndiyo itakayotutoa wasiwasi. Mkiona kichuma chochote msikiguse kwa mkono."

Wakuu, daktari ukimwuliza atakwambia hatari ni ndogo sana. Wewe utasikia "hatari".

Nikamshusha mwanafunzi hapo hapo, nikaenda kwenye kliniki ninayoijua. Imefungwa, mpaka kesho. Nikaenda nyingine, umeme umekatika na jenereta haibebi mashine ya picha. Nikarudi nyumbani sina la kufanya ila kusema.

Nilisema nikiwa ngazini. Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Ule mchele wenyewe ndio uliotutisha, maana tukawa tunautazama sote watatu. Punje ngapi zile, na ndani yake ukitia kichuma utakiona wapi?

Zuhura akaweka ungo chini. "Rukia, vaa buibui. Mpigie mumeo."

Athman, mkwe wangu, akaja na tuktuk. Ni kijana wa adabu, kazi yake ni karani bandarini. Akanipa mkono kama kawaida, hakuuvuta. Lakini nilimwona akitazama miguuni pake kabla ya kila hatua, kama mtu anayepita penye vigae vya chupa.

"Baba, si kwa ubaya," akaniambia. "Ni mpaka ijulikane tu."

"Nami ningefanya hivyo hivyo," nikamjibu. Na ni kweli. Lakini mwanao akiondolewa nyumbani mwako kwa ajili yako, ukweli haukusaidii kitu.

Rukia alipopita mlangoni akageuka. Alitaka kusema neno, mamake akamsukuma mgongoni polepole, akaenda.

Kisha tukaanza kutafuta.

Mikeka yote tukaitoa uani tukaikung'uta juu ya shuka nyeupe. Godoro langu tukalisimamisha. Zuhura akazipitia nguo zangu zote, mshono kwa mshono, huku amevaa glavu za kuoshea vyombo. Mimi niko chooni na tochi, nimepiga magoti kwenye sakafu, nachungulia tundu la maji. Fundi wa mabomba alikuja akafungua mtego wa maji machafu, akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia kito cha pete. Akapekua kwa bidii kweli, masikini, akitaraji bakshishi. Hakupata ila nywele.

Mara nikasikia Zuhura akipiga ukelele.

Nikaenda mbio. Yuko juu ya kitanda cha Rukia, amekunja miguu, anaonyesha sakafuni. Hapo chini palikuwa pameanguka kitu kidogo, chembamba, kinametameta.

Nikachukua kijiko. Kijiko kikagonga sakafu mara mbili tatu kabla sijakiokota kile kitu. Nikakitia kwenye kikopo, nikakisogeza kwenye mwanga wa taa.

Kipande cha sindano ya cherehani. Zuhura alikuwa amemshonea mjukuu vijinguo hapo kitandani, sindano ikavunjika.

Tungecheka siku nyingine. Siku ile mke wangu alilia. Alinigeukia akaniambia, "Ulikuwa ukitazama kweli kwenye lile chujio?"

"Kila mara."

"Kila mara?"

Na mimi, ambaye najua nilitazama kila mara, nikasita. Akaona nimesita. Akazirudia nguo zangu tangu mwanzo.

Asubuhi, chai haijachemka, simu ya Zuhura ikalia. Athman. Rukia ameshikwa na uchungu, wako njiani kwenda hospitali ya uzazi, anamlilia mamake.

Zuhura akachukua buibui lake kwenye msumari. Akalishika. Hakulivaa.

"Na kama iko kwenye nguo zangu?" akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikufulia. Kama imenasa mahali, mimi ndiye ninayempelekea."

Nikamwambia daktari amesema hatari ni ndogo. Akanitazama. "Ndogo kwa nani? Kwako wewe au kwa kichanga?"

Mke wangu, aliyengoja siku hiyo tangu binti yake alipoolewa, alikuwa amesimama katikati ya chumba na buibui mkononi, hathubutu kwenda wala hawezi kukaa.

Nikatoka mbio. Gari nililiacha, kupaki kungenichelewesha. Nilipofika kliniki ile iliyokuwa imefungwa jana, mlinzi ndio kwanza anafungua mlango. Nilikuwa wa kwanza. Mpiga picha alikuwa msichana aliyekuja na kikombe chake cha chai, nikamwambia, "Mwanangu, chai utakunywa, nakuomba nipige kwanza." Nadhani alidhani nakufa. Akakiweka chini.

Vua shati. Simama hapa. Vuta pumzi, zuia. Haya, pumua.

Nikapumua. Akakaa kwenye kompyuta yake, akakunja uso.

"Mzee, ulivaa mkufu?"

"Sina mkufu."

"Kifungo? Una kitu chochote cha chuma?"

Nikaenda nyuma yake bila kuambiwa. Picha ya mbavu zangu, mapafu meusi, moyo. Na upande wa kulia, chini, karibu na ukingo, kijistari cheupe pee. Kifupi, kimenyooka.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Nyumba imepinduliwa, binti ameondolewa, mke amenitilia shaka, fundi amekoroga uchafu wa watu. Na kitu chenyewe nimekibeba mimi, nikitembea nacho, nikipumua juu yake.

Nikaipiga picha ile skrini, nikamtumia daktari. Aliniambia baadaye alikuwa sokoni na watoto wake. Akapiga hapo hapo.

"Ndiyo yenyewe. Ilipita kwenye mshipa ikaenda kukaa kwenye pafu. Itabaki hapo. Kwa kawaida haileti madhara, tutakuwa tunaitazama tu. Nyumbani kwako hakuna kitu, mzee. Mwambie mkeo hakuna kitu."

Nikampigia Zuhura. Sikusalimu. "Imo kifuani mwangu. Nenda."

"Wasema nini?"

"Mbegu! Imo ndani yangu, nimeiona kwa macho yangu. Nenda kwa mwanao!"

Simu haikukatwa. Nilisikia mlango, nilisikia viatu vyake uchochoroni, nilisikia akiita tuktuk kwa sauti ambayo sijaisikia tangu ujana wetu.

Alimkuta Rukia bado hajajifungua. Alikuwa amemshika mwanawe mkono wakati kichanga kinatoka.

Ni mtoto wa kike.

Mimi nilikwenda jioni. Nilisimama mlangoni mwa wodi, maana miezi yangu miwili haijaisha na kichanga ndicho kisichotakiwa kupakatwa. Rukia akamfunua uso ili nimwone. Kwa mbali nikaona kitu chekundu kimefinya macho. Nikasoma dua hapo hapo mlangoni, wauguzi wakanipita kushoto na kulia.

Ule muda uliobaki ndio ulionishinda kuliko maradhi yenyewe. Rukia amerudi kwetu, mtoto yuko chini analia, mimi niko juu nazunguka chumba. Nilishakuwa najua vilio vyake vyote, cha njaa, cha tumbo, cha kutaka kubebwa tu, na bado sijamgusa.

Siku daktari aliponiruhusu, Rukia alinikalisha anipe mtoto. Nikamwambia ngoja, ninawe mikono. Nikanawa. Nikamwambia ngoja, nibadilishe shati. Nikabadilisha. Nikataka kusema ngoja mara ya tatu, Zuhura akasema, "Mpe huyo, atatumalizia siku."

Akawekwa kifuani mwangu, upande wa kulia. Nikamwambia Rukia amhamishe kushoto. Daktari ameniambia mara ngapi sijui kwamba haina neno. Najua. Alihamishwa kushoto hata hivyo.

Sasa PSA yangu imeshuka na inaendelea kushuka, alhamdulillah. Kazini nimerudi. Nikikohoa bado najishika kifua.

Nililojifunza ni hili, wakuu. Wanaume tupimwe mapema; mimi niliwahiwa na mke, siyo na akili yangu. Na ukiwekwa mbegu, kabla hujatoka hospitali uliza swali hili waziwazi: ikipotea moja, niitafute wapi kwanza? Mimi nilipewa kikopo na kibano, na kichwani nikajenga kwamba iwapo itapotea imepotea nyumbani. Ningepigwa picha ya kifua siku ile ile ya CT scan, mambo haya yote yasingekuwako. Tena mkae na wake zenu na watoto wamsikie daktari kwa masikio yao, si kwa mdomo wenu. Hofu yangu niliigawa nyumba nzima, ikawa kubwa kuliko ilivyotoka kwa daktari.

Sasa nanyi semeni. Kuna mwenzangu humu aliyewekwa mbegu, au babake? Ya kwako ilitulia? Na wewe unayekojoa matone na huku unasoma kimyakimya, uliza hapa hapa, hata la aibu. Nitajibu nikiwa nimepaki.